Meno ya Kusomea

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani kwake Bulapesa, mjini Isiolo, kwenda redioni, Esekon Lochoro aliyatoa meno yake mawili kwenye kikombe cha maji ya chumvi, akayapachika kwenye ufizi wa chini, akasimama mbele ya kioo na kusema maneno machache: sisimizi, sasa hivi, msisitizo. Yakitoka safi, alifunga vifungo vya shati na kuondoka.

Meno yenyewe yalikuwa ya plastiki, yameshikwa na waya mwembamba. Ya kuzaliwa yaling'olewa akiwa mtoto, kama ya Waturkana wengi wa rika lake, ili abaki na lile pengo la mbele ambalo kwao ni urembo, na linaloonyesha kwamba mtu ana kwao. Alipokuja mjini akiwa kijana kujifunza kushona, wateja walimwita Mapengo. Hakubishana nao. Alishona, akajifundisha kusoma kwenye magazeti ya zamani ambayo mafundi huyakata kupata vipimo vya nguo, na siku alipoalikwa redioni kusoma shairi, alipitia kwanza kwa fundi wa meno. Tangu hapo hakuna mtu wa mjini aliyemwona bila meno hayo, isipokuwa Everlyne, mkewe.

Sauti yake ilizoeleka hadi Garbatulla. Wasiomjua walisema huyo lazima ni mtu wa Pwani. Esekon hakuwahi kusema ndiyo. Wala hakuwahi kusema hapana.

Sasa macho yalikuwa yamechoka, na alimwomba Mawira, meneja wa redio, atafute msomaji mwingine wa kipindi chake cha mashairi cha Jumamosi. Mawira akaandaa mashindano. Kila mshindani angesoma shairi lile lile, kisha aseme kwa maneno yake mwenyewe lilimfanya nini. Mshindi angekalia kiti cha Esekon. Kuchagua shairi aliachiwa mzee.

Alichagua moja alilolipenda kwa miaka mingi, la mwanamke mweusi wa nchi ya mbali. Linasimuliwa na mwimbaji ambaye hakuruhusiwa kupanda jukwaani kwa sababu ya rangi yake. Kila jioni aliimba nyuma ya pazia, na mbele msichana mweupe alifungua na kufunga mdomo kana kwamba wimbo ni wake.

*Mimi naimba, yeye anafungua mdomo.*
*Makofi yanapita juu ya kichwa changu*
*kama ndege wasioujua mti wangu.*

Na mwisho kabisa, baada ya watu kwenda zao na yeye kutokea mlango wa jikoni:

*Nikilala, koo langu linaniuliza:*
*sisi tulikuja hapa kufanya nini?*

Kila aliposoma shairi hilo, Esekon alikasirika, na hasira hiyo aliipenda. Aliwaza Waingereza waliofunga eneo lote la kaskazini hadi mwenyeji akahitaji kibali cha kutoka au kuingia kwao. Aliwaza vizuizi vya barabarani ambako wajukuu wa waliofungiwa bado huteremshwa na kuulizwa kama kweli ni Wakenya. Ilikuwa hasira safi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwamo ndani yake isipokuwa upande wa walioonewa.

Mashindano yalifanyika ukumbini Jumamosi moja ya jua kali, feni moja ikizunguka na nyingine imekwama. Waamuzi walikuwa watatu: Mawira, Esekon, na Ubah, muuza vitambaa sokoni ambaye aliwahi kusoma habari za Kisomali na bado alizungumza kama mtu anayetaka watu wa nyuma kabisa wamsikie.

Tadicha, kijana aliyetoka chuoni majuzi, alisoma vizuri sana. Alisema shairi lilimkumbusha babu yake, aliyeishi na kufa bila kitambulisho, akiuza ng'ombe kwa jina la mtu mwingine. Ukumbi ulipiga makofi. Esekon naye alipiga.

Wa mwisho alikuwa Nakolong, msichana kutoka Ngaremara, anayeuza makaa na shanga na mama yake kando ya barabara kuu. Alivaa sketi iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. Alisimama bila karatasi. Alipofungua mdomo, Esekon aliliona pengo kabla ya kusikia neno lolote.

Alisoma kwa sauti ya chini, isiyoharakisha. Kwenye kila *s* ulitoka mluzi mdogo, kama hewa chini ya mlango. Esekon aliinama kwenye karatasi ya alama. Palikuwa na sehemu ya matamshi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iwekwe. Aliandika alama ya chini, kwa wino, na mstari wa kwanza ulikuwa haujaisha.

Kisha alisikiliza. Alipofika mwisho, Nakolong hakulisoma swali kama swali la shairi. Aliwaangalia waliokaa mbele, mmoja mmoja, akauliza kama mtu anayetaka kujibiwa: sisi tulikuja hapa kufanya nini?

"Wenzangu wamesema ya wazungu na weusi," akasema, "na ni kweli, hiyo iko. Lakini mimi niliona huyo msichana wa mbele. Hata yeye haimbi. Kila siku anafungua mdomo na hakuna kitu chake kinatoka. Mimi nilimhurumia, na nikamkasirikia, yote pamoja."

Alimeza mate, akamgeukia Esekon.

"Na kitu ingine. Hii redio tunasikiliza kwa barabara, tukingoja malori. Nilikuwa nafikiri huyu mzee ni wa Mombasa. Siku moja mama akaniambia, huyo ni Esekon wa Lochoro, ni wa hapa hapa. Nikasema mama anadanganya. Akaapa. Basi nikasema, kama mdomo wa kwetu unaweza kusoma hivyo, hata wangu unaweza. Ndiyo maana nimekuja. Asanteni."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Esekon. Angeweza kukata alama ile na kuandika nyingine pembeni, na kutia sahihi. Alifunika kalamu.

Waamuzi waliingia chumba cha nyuma, wakaletewa chai ya maziwa ya ngamia.

"Huyu msichana amenitoa machozi," Ubah alisema. "Na mimi si mtu wa machozi. Muulizeni mume wangu, anayangoja hata leo."

Mawira alicheka. "Mimi nasema Tadicha. Ana sauti ya redio."

"Sauti ya redio ni gani? Wewe Mawira ukisema habari za asubuhi kwa hiyo lafudhi ya kwenu, watu wanafikiri umekuja kuuza miraa, na bado ni meneja."

"Basi mzee ataamua. Mimi nasema Tadicha, mama Ubah anasema Nakolong. Mzee?"

Esekon alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Matamshi yake yana upungufu."

"Upungufu gani?" Ubah akauliza.

"Hewa. Kwenye s."

"Mimi sikusikia hewa. Nilisikia mtu."

Mawira alishusha sauti. "Na pia, mzee, tuseme ukweli. Ni Mturkana mwenzako. Ukimpa kiti, huu mji unaujua. Jumatatu watasema Esekon amerithisha kabila."

Esekon alimshukuru moyoni. Alikuwa akitafuta sababu, na hii ilikuwa nzuri kuliko ile yake. Ilikuwa sababu ya mtu mwadilifu.

"Tadicha," alisema.

Ubah akavuta kikombe chake. "Sawa. Wewe ndiye unajua mdomo wa redio." Hakusema kwa ubaya, lakini Esekon hakuweza kumaliza chai.

Baada ya matokeo kutangazwa, na Tadicha kubebwa juu juu na marafiki zake, Nakolong alimngoja Esekon mlangoni. Hakuwa amelia.

"Ejoka, apa," alimsalimu kwa Kiturkana, kama binti anavyomsalimu baba.

"Nzuri, binti yangu," Esekon akajibu kwa Kiswahili. Watu walikuwa wakipita.

"Sikuja kulalamika. Nataka tu kujua nilianguka wapi. Mwaka ujao nirekebishe."

Alikuwa na haki ya kuuliza, na alikuwa ameuliza kwa adabu. Esekon alifikiri kumwambia kwamba Tadicha alikuwa bora kidogo tu. Ingekuwa nusu ya kweli. Akaona ni heri amsaidie.

"Ni s yako. Inatoka na hewa."

Nakolong alipeleka kidole kwenye pengo, kama mtu aliyeambiwa ana tope usoni. "Hapa?"

"Hapo. Lakini inatengenezeka." Esekon akamsogeza kando, penye kivuli cha ukuta. "Kuna fundi nyuma ya duka la dawa, karibu na soko. Anaweka mawili. Hakuna atakayejua. Mwambie umetumwa na mimi."

"Na wewe anakujua vipi?"

Esekon alijaribu kutabasamu. Nakolong aliutazama mdomo wake, meno ya chini yaliyopangika vizuri kuliko ya mtu wa umri ule. Alikodoa macho, kisha akayateremsha haraka, kama mtu aliyeingia chumba ambamo mwenyewe anavaa nguo.

"Kumbe," alisema polepole. "Mama alisema ukweli."

Akamshukuru, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata Esekon alipaswa kumkabidhi Tadicha kiti hewani. Mawira alitaka mzee asome lile shairi kwa mara ya mwisho, na yeye pia aseme lilimfanya nini, kama walivyofanya washindani. Jumapili baada ya kanisa, Esekon alikaa kwenye cherehani, karatasi juu ya meza, kuandika jibu lake. Alikuwa mtu wa utaratibu: kwanza yaliyosemwa na shairi, kisha aliyoyaona, kisha neno la mwisho.

Aliandika juu ya vibali na vizuizi. Maneno yalikuja bila shida. Alipoyasoma kwa sauti, aliyaona ni ya Tadicha.

Aliandika juu ya mwimbaji nyuma ya pazia, kwamba yeye pia alijua kukaa nyuma. Alifuta. Miaka yote hiyo alikuwa amejihesabu kuwa ndiye yule anayeimba. Msichana kutoka barabarani alikuwa amesema mbele yake kwamba shairini wako wawili, na Esekon hakuwa na hakika tena yeye ni yupi. Makofi ya mji yalikuwa yameifuata sauti ambayo mji uliamini ni ya mtu mwingine, na yeye aliyapokea. Hilo labda lingesameheka. Mtu anajisitiri anavyoweza, na Mapengo si jina ambalo mtu huitwa kazini akafurahi. Lakini alipokuja mwenzake bila kujisitiri, akiwa amevutwa na sauti hiyo hiyo, yeye ndiye aliyemfungia mlango. Wala hakumfungia kwa sababu alisoma vibaya. Alimfungia kwa sababu mluzi ule aliujua. Ulikuwa wake.

Jumatatu hakuandika kitu. Jumanne Everlyne alimkuta amekaa vile vile.

"Wewe unaumwa?"

"Hapana."

"Basi ni nini? Hata suruali ya mwalimu hujamaliza, amekuja hapa na kaptula kama mtoto."

Akamweleza yote, kuanzia alama hadi fundi wa meno. Everlyne alisikiliza akichambua mchele. Mwisho alisema, "Kwa hivyo umemtuma huyo mtoto akafanye kitu ambacho mimi ulinikataza nisimwambie hata mama yako."

"Nilitaka kumsaidia."

"Najua." Alipuliza makapi. "Nenda umwambie asiende."

Jumatano asubuhi Esekon alimaliza suruali ya mwalimu, akaosha mikono, akaenda mbele ya kioo. Kikombe cha maji ya chumvi kilikuwa pale. Aliyaacha meno humo. Alipofika barabarani alikuwa ameanza kujuta, akarudi, akayafunga kwenye kipande cha kitambaa na kuyatia mfukoni mwa shati. Si ya kuvaa, alijiambia. Ni ya kuonyesha.

Ibrae, kijana wa pikipiki aliyezoea kumbeba, alikuwa kwenye kituo chake.

"Salaam aleikum, mzee wa redio. Wapi leo?"

"Ngaremara. Sasa hivi, tafadhali."

Ibrae alizima injini na kumgeukia. "Mzee, sauti imefanya nini? Unapiga mluzi kama birika."

"Ni mdomo tu."

"Haya, panda. Ukichemka uniambie nisimame."

Ngaremara magunia ya makaa yalikuwa yamepangwa kando ya lami, yamefungwa vichwa kwa majani. Akuam, mama yake Nakolong, aliketi kivulini mwa mgunga akitunga shanga. Walijuana tangu utotoni na walikuwa hawajaonana kwa miaka. Akuam aliutazama mdomo wa Esekon kwa utulivu wa mtu anayekagua mbuzi.

"Ejoka, Esekon," alisema. "Leo hata marehemu mama yako angekutambua."

"Ejok nooi," Esekon akajibu, na alishangaa jinsi salamu ilivyokaa vizuri mdomoni. "Nakolong yuko?"

"Yuko. Lakini usimchekeshe. Siku hizi hacheki, anasema yatatoka."

Esekon alielewa kabla msichana hajatokea. Nakolong alikuja kutoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono, midomo imefungwa. Alipomwona mgeni alitabasamu kwa uangalifu. Safu ya chini ilikuwa imejaa. Meno mawili ya katikati yalikuwa meupe kidogo kuliko jirani zake.

"Apa, karibu. Umekuja kuangalia?" Alikuwa na furaha. "Nilienda Jumatatu. Yule fundi aliposikia jina lako akaniweka wa kwanza. Sikiliza: sisi, sasa, Isiolo. Unasikia? Hakuna hewa."

"Kweli," Esekon alisema.

"Aliuza yule mbuzi wa kahawia amlipe fundi," Akuam akasema bila kuinua macho kutoka kwenye shanga. "Yule anayezaa mapacha. Alikuwa wake, sikusema kitu."

"Ngoja nikusomee," Nakolong alisema. Akasimama wima kando ya magunia, mikono nyuma, na kuanza.

Kila *s* ilitoka safi. Kila neno lilitoka zima, limepimwa, kama mtu anayetembea amebeba yai mdomoni. Lori la Moyale lilipita, akangoja, akaendelea pale pale alipoachia. Alipofika kwenye swali la mwisho hakumwangalia mtu. Aliangalia lami na kulipitisha swali salama, likafika upande wa pili bila kuvunjika na bila kumgusa yeyote. Esekon aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia kila Jumamosi kwenye vipokea sauti vya masikioni, ikitoka kwake.

"Vipi?" Nakolong akauliza.

"Nakolong, nimekuja kukuambia kitu." Mluzi ulimtoka, na alimwona msichana akiusikia kwa mara ya kwanza, akatazama pengo, akamtazama machoni. Esekon hakufunika mdomo, ingawa mkono ulikuwa umeshaanza kupanda. "Siku ile hukukosea. Nilikupa ile alama kabla hujamaliza mstari. Niliona pengo nikaogopa. Hata ile habari ya kabila ilikuwa kisingizio. Wewe ndiye ulisoma kuliko wote, na kiti kilikuwa chako. Mimi ndiye nilikunyima."

Akuam aliacha kutunga.

"Na hewa?" Nakolong aliuliza.

"Hewa iko. Lakini haikuwa kosa."

Msichana alikaa juu ya gunia. Akapitisha ulimi juu ya meno mapya.

"Ungekuja kabla ya mbuzi, apa," alisema mwishowe.

Hakupaza sauti. Esekon alikuwa amejiandaa kwa hasira, akiwa njiani alikuwa hata ameitamani. Hakuwa na pa kuliweka neno hilo dogo.

"Yatoe," alisema. "Tafadhali. Nisomee kama siku ile. Nitamwambia Mawira, nitamwambia Tadicha mwenyewe, nitasema hewani. Lakini kwanza nisikie."

Nakolong alimtazama. Halafu, ingawa meno yalikuwa mahali pake na hakuna pengo lililoonekana, aliinua kiganja akaufunika mdomo.

"Mbele yako, hapana," alisema kupitia vidole.

Akuam alirudi kwenye shanga zake. "Mwache," alimwambia Esekon, si kwa ukali. "Amejifunza kitu. Sasa ngoja ajifunze kukisahau, kama ataweza. Wewe ilikuchukua muda gani?"

Esekon alitoa kile kitambaa chenye meno mfukoni kwa sababu alikuwa amekuja nacho, akaona hakuna wa kumwonyesha, akakirudisha.

"Jumamosi utasoma?" Nakolong aliuliza Esekon alipokuwa akiaga.

"Nitasoma. Na nitasema nilichofanya."

"Hivyo ulivyo?"

"Hivi nilivyo."

"Haya. Tutakuwa hapa, tunangoja malori." Aliondoa kiganja mdomoni, lakini midomo ilibaki imefungwa.

Ibrae aliwasha pikipiki. Walipoacha magunia nyuma, Esekon alijaribu shairi kwa sauti, mstari wa kwanza, ili Jumamosi lisimkute mgeni. Upepo ulimwingia penye pengo.

"Mzee, unasema na mimi?"

"Hapana. Nasoma."

"Basi soma kwa nguvu. Sisikii kitu."

Esekon alijaribu kuongeza sauti, akaona haya hata mbele ya mgongo wa mtu.